Si lazima ufike Mombasa

Pole sana, dada. Unasema tangu uachishwe kazi hapo Kampala usingizi umekuruka, na unauliza kama ukope nauli ukakae wiki moja pwani ya Mombasa utulize kichwa. Usikope. Utarudi na deni juu ya mawazo uliyokwenda nayo.

Maji unayo karibu. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kuwa waliokaa sehemu za asili, fukwe zikiwemo, angalau dakika 120 kwa wiki walielekea kujisikia vizuri kuliko wasiokwenda kabisa. Hata ukizigawa siku mbili tatu, sawa tu. Kwa hiyo panda taksi hadi Entebbe, kama kilomita 40, uingie ile bustani ya mimea inayoshuka mpaka ziwani. Nenda asubuhi siku ya kazi, maana wikendi kelele zitakumaliza. Simu itie mkobani, vua viatu, kaa kwenye nyasi usikilize mawimbi. Kuogelea achana nako, kichocho kipo Ziwa Viktoria.

Ila ziwa halitibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kama hali hii imepita wiki mbili na chakula hakipiti, nenda Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko hapo hapo Kampala. Wanaosema ni ya vichaa waache waseme. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, usilale nayo: mwambie mtu unayemwamini akusindikize siku hiyo hiyo.