Ukicheza Root, acha kukodolea macho ubao wako tu

Mara ya kwanza nacheza Root nilibomolewa na mtu ambaye hakunigusa kabisa. Hakunishambulia, hakurusha hata dadu, alichofanya ni kuwahamisha askari wake wawili kutoka eneo moja kwenda la jirani halafu akakaa kimya. Zamu yangu ilipofika serikali yangu ikaanguka yenyewe. Ushauri wangu wote umetokea hapo kwahiyo vumilia kidogo nieleze.

Kwa ambaye hajaiona, Root ni mchezo wa bodi wa kupigania msitu, umebuniwa na Cole Wehrle, michoro ya Kyle Ferrin, Leder Games wakautoa 2018. Vile vikatuni vya wanyama vinadanganya sana, mtu anaona kapaka kazuri anadhani ni gemu ya watoto kumbe ni vita na siasa mwanzo mwisho. Msitu una maeneo 12 yaliyounganishwa kwa njia, kila eneo ni la mbweha, sungura au panya, na wa kwanza kufika pointi 30 kashinda. Sasa utamu wake (na maumivu yake) ni kwamba kila mchezaji ana sheria zake. Marquise de Cat, yaani Paka, anaanza ametapakaa msitu karibu wote, kazi yake kukata magogo na kujenga. Eyrie, hawa Ndege, wanaanzia kona moja na wanaongozwa na kitu kinaitwa Amri. Woodland Alliance, sisi mezani tunawaita Waasi, wanaanza hawana hata askari mmoja kwenye bodi. Na Vagabond ni mzururaji yuko peke yake na begi lake.

Mimi nilipewa Ndege. Amri yao iko hivi: kuna safu nne, kuandikisha askari, kusogea, kupigana, kujenga, na kila zamu LAZIMA uongeze karata moja au mbili kwenye hizo safu, na karata haitoki, kwahiyo ulichoahidi zamu ya pili bado unakidai zamu ya sita. Ukishindwa kutekeleza hata karata moja serikali inaanguka, unapoteza pointi moja kwa kila karata ya ndege (aina ya karata inayofaa eneo lolote) iliyoko kwenye Amri, kiongozi anaondolewa, karata zote za Amri zinatupwa zinabaki mbili tu za kuanzia za kiongozi mpya, zinaitwa mawaziri, na mchana wako, yaani ile sehemu ya zamu ya kutenda, unaishia hapohapo.

Nilikuwa na pointi 17, nimevimba kichwa. Nimeweka karata ya sungura kwenye safu ya kupigana, yaani kila zamu lazima nipigane kwenye eneo la sungura, maana kulikuwa na eneo la sungura nina askari watano na Paka ana watatu. Zamu ya kwanza nikapigana pale nikamuua mmoja, safi kabisa. Jamaa wa Paka akanyamaza, akainama kuangalia Amri yangu muda mrefu, (nilidhani anashangaa nilivyo na akili), akawaondoa wale wawili waliobaki. Ndo nikagutuka, Amri inanitaka nipigane kwenye eneo la sungura na hakuna adui kwenye eneo lolote la sungura ninaloweza kulifikia, lenye adui liko hatua mbili na mimi nina mwendo mmoja tu. Nikashuka mpaka 14, na kiota nilichopanga kujenga zamu ile kikapotea. Yule jamaa alinicheka vizuri sana.

Kwahiyo ushauri namba moja, na kama huna muda soma huu tu: jifunze ubao wa mwenzako kabla ya kunogewa na wako. Amri ya Ndege iko wazi mezani, kila mtu anaiona. Kama mpinzani ana karata ya mbweha kwenye safu ya kujenga na kabakiza eneo moja la mbweha lenye nafasi, wewe kajenge pale umuwahi, au peleka askari wengi asilitawale. Hujatoa hata tone la jasho.

Na kama wewe ndo Ndege, safu ya kujenga na ya kupigana ziogope, maana nafasi za kujenga zinaisha na maadui wanakimbia. Kusogea na kuandikisha ni salama zaidi. Karata za ndege zinafaa kila eneo ndo maana watu wanazipenda ila ndo hizohizo zinakukata pointi ukianguka, na mawaziri nao wanahesabiwa. Afu usiogope sana kuanguka, kwasababu unalazimishwa kuongeza karata kila zamu basi siku moja utaanguka tu, bora uanguke mapema Amri ikiwa nyembamba.

Waasi ndo wanaua meza za wageni. Wanaweka vile vikete vyao vya kuungwa mkono na wananchi, sisi tunaviita vijiwe, na kila mtu anaviacha kwasababu havina askari, havitishi. Ukiingiza askari kwenye eneo lenye kijiwe unampa Muasi karata inayolingana na eneo, ukikivunja pia unampa karata, na hizo karata ndo wafuasi wake, akitoa wafuasi wawili wa aina ya eneo anafanya uasi na kila kitu chako pale kinafagiliwa, askari, majengo, vyote. Watu wakishajua hilo wanaogopa kuvigusa kabisa, na hilo ndo kosa kubwa zaidi, maana vijiwe vya mwisho vinampa mpaka pointi 4 kimoja, unamwona yuko nyuma unakuja kushtuka amekupita.

Vunja mapema. Kijiwe kisicho na askari ukikishambulia una pigo moja la uhakika hata dadu zikitoka sifuri, na unapata pointi moja. Na pale unapohofia ataweka kijiwe, egesha askari watatu au zaidi, hapo anatozwa mfuasi mmoja wa ziada. Mara nyingi kazi hii inamwangukia Paka maana yuko kila mahali, na Paka wengi hawaipendi, wanataka kujenga tu karakana zao za mbao kwa amani. Mwambie mapema mbele ya wote, kelele za mezani ni sehemu ya gemu.

Mzururaji sina mengi, ila mkimwacha kwasababu anawagawia karata mjue kila karata anayowapa anaweza kuchukua kifaa chenu mlichotengeneza, na urafiki wenyewe unampa pointi. Mpige, vitu vyake viharibike.

Kufundisha sasa. Usimweleze mgeni pande zote nne kwa mkupuo, nilishafanya hivyo karibu saa nzima mtu akaanza kupiga miayo. Mpe Paka, mweleze Paka vizuri, halafu kwa kila upande mwingine mwambie jambo moja tu: huyu anapataje pointi. Basi. Mkiwa wawili inachezeka ila mi naona imepooza, wanne ndo yenyewe.

Juzi nikakaa na Waasi, mgeni ana Paka. Katoa askari saba kwa mbwembwe, kawapitisha kwenye kijiwe changu cha kwanza, akatoa karata, akaendelea mpaka kwenye cha pili, akatoa karata nyingine, akanitazama: "Mbona zamu yangu halafu karata unakula wewe?" Nikamwambia subiri zamu yangu ifike.