Barazani na Ami: Hiyo zamu ya Nzwani ilienda wapi?

Barua za wiki hii zote zimeelekea upande mmoja wa bahari, Komoro, visiwa vya Ngazidja, Nzwani na Mwali, sijui mmepangana ama ni kusi limezileta. Bas tuanze.

*Ami shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Langoni hapa Amu. Bibi yangu mzaa baba alikua Mngazija na jamaa zetu wa Moroni, mji mkuu kule Ngazidja, mpaka leo twaongea nao Watsapu. Sa kuna huyu binti ya ami yangu kila akituma voisi ni malalamiko tu, stima hakuna, mchele umepanda, serikali haiskii. Januari 2024 alinitumia voisi moja nyuma yake waskia watu wanakimbia na vishindo, nikaogopa sana. Mimi humwambia si mpige kura mumtoe huyo rais, na yeye hucheka, ati "kura gani, na zamu yenyewe walishaila." Hiyo zamu ndio gani Ami? Na kama rais ni mtu wa kisiwa chao yeye analia nini?*
*Mama wa Langoni*

Marahaba mwanangu. Binti ya ami yako hajakucheka kwa dharau, amecheka kama mtu aliyechoka kulia.

Zamu waijua. Nenda gati ya Amu alfajiri utazame boti za Mokowe, hii ikijaa yatoka, ya pili yasogea, mwenye boti mpya ya fibre na mwenye boti kuukuu ya kuvuja wote wako kwenye foleni moja. Siku moja nimekaa kwenye boti nangoja ijae, nina dumu langu la samli na basi la Mombasa lanisubiri ng'ambo, kijana mmoja ambaye zamu yake haijafika akapakia watu sita wenye masanduku, walipa vizuri hao, akawasha injini. Mzee mwenye zamu hakupiga kelele, alinyoosha mkono tu akaushika ukamba wa omo wa boti ya yule kijana akaufunga kwenye boti yake, kisha akakaa akatoa tambuu. Tukakaa hivo wallahi karibu nusu saa, na kwenye boti zote mbili hakuna abiria aliyemwambia mzee afungue, hata wale wenye masanduku walinyamaza.

Sasa Komoro nchi nzima ilijengwa juu ya kamba kama ile. Walijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975 na hata mwezi haukutimia mapinduzi ya kwanza yakaingia, baada ya hapo ikawa ni mazoea, ukihesabu yaliyofaulu na yaliyoshindwa ni karibu 20, na mengine yaliongozwa na mamluki wa Kifaransa Bob Denard ambaye alikua akiingia na kutoka kama ana ufunguo wa nyumba. Visiwa vidogo vikawa vyasema sisi twatawaliwa kutoka Moroni na hatuoni kitu. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali vikajitenga, na Nzwani walifika mpaka kuiomba Ufaransa irudi iwatawale, hebu fikiria mtu ameudhiwa kiasi gani na serikali yake mpaka amwite mkoloni. Ufaransa wenyewe wakakataa.

Dawa ikapatikana Fomboni, kule Mwali, 2001. Wakakubaliana urais uzunguke, miaka kwa kisiwa hiki, kisha kile, kisha kile. Ngazidja ikaanza na Azali Assoumani, huyu huyu, ambaye 1999 alikua ameingia kwa mapinduzi lakini 2002 akaingia kwa kura. Na niseme haki yake, 2006 alitoka akampisha Sambi wa Nzwani bila risasi hata moja, jambo ambalo nchi ile haikua imeliona. 2011 ikaja zamu ya Mwali, Ikililou Dhoinine. 2016 ikarudi Ngazidja, Azali tena. Kwa hiyo 2021 ni ya nani? Nzwani. Hata mtoto wa madrasa angekwambia.

Bas 2018 mwezi wa Aprili rais akaisimamisha mahakama ya katiba, Julai tarehe 30 ikaja kura ya maoni, wapinzani wakaisusia, matokeo ya serikali yakasema ndio ni asilimia 92. Katiba mpya ikasema zamu ipo, lakin aliyekalia kiti anaweza kukaa vipindi viwili vya miaka mitano mfululizo ndio kisiwa kingine kipate. Uchaguzi ukavutwa mbele hadi Machi 2019, akashinda. Januari 2024 akashinda tena. Yaani kamba haikukatwa, imerefushwa tu mpaka 2029, na ukiwauliza watakwambia mbona hiyo hapo yaonekana! Nzwani waliona mapema, Oktoba 2018 vijana wa Mutsamudu walijifungia mji wa kale, vichochoro vile kama vyetu vya Mkomani, wakapambana na jeshi siku kadhaa.

Na kura ya 2024 ndio utaelewa kicheko cha binti ya ami yako. Siku ile ile, kituo kile kile, watu walikua wachagua rais na magavana wa visiwa. Tume ikatangaza waliopiga kura ya rais ni kama asilimia 16 tu ya waliojiandikisha, na waliopiga ya magavana wamezidi nusu. Sa hao watu wamefika, wamechovya kidole, kura ya gavana wametia, ya rais wamerudi nayo nyumbani? Baadae mahakama kuu ikasahihisha ikasema ya rais pia ilizidi 50. Mimi siwezi kukwambia ipi kweli, lakini wewe ndio ungekua Moroni umepanga foleni siku ile ungejiskiaje. Watu wakatoka barabarani, nyumba ya aliyekua waziri ikachomwa, ghala la chakula likavunjwa, mtu akafa, kukawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Ile voisi yako bila shaka ni ya siku zile.

Umeniuliza mtu wa Ngazidja analia nini na kisiwa chake ndicho kinachotawala. Swali zuri hili, nimelifikiria tangu juzi. Mchele Komoro wafika kwa meli, toka lini wamelima wa kuwatosha, na Ngazidja haina hata mto, ardhi ya volkeno hunywa maji yote, vijijini ni mabirika ya mvua. Shida hizo zilikuwepo na zamu ikiwepo. Lakini zamani mtu wa Moroni akiudhika na rais anahesabu kwa vidole, bado miaka mitatu, bado miwili, huyu aenda. Na rais mwenyewe ajua anaenda na atarudi kukaa mtaani na watu. Stima ikikatika leo hana cha kuhesabu. Zamu ilikua ya Nzwani kwenye karatasi ila aliyekua akiitegemea ni kila mtu, hata aliyekua hajui.

Kwa hiyo mama, usimwambie tena "si mpige kura". Mwambie pole, kisha muulize mchele ni franga ngapi leo, atafurahi kuulizwa kitu anachokijua.

*Ami mimi ni mvuvi Shela ya Malindi. Naskia Wakomoro wanazama wakienda Mayotte na si ni nchi yao hiyo hiyo? Kwani wanakimbia nini?*

Ndugu yangu, Desemba 1974 visiwa vyote vinne vilipiga kura ya uhuru. Vitatu vikasema twataka, Mayotte wengi wakasema twabaki na Ufaransa. Wakomoro wanasema kura ilikua moja ihesabiwe pamoja, na Umoja wa Mataifa uliwaunga mkono, Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, ugomvi ndio huo mpaka leo. Tangu 2011 Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa, na euro yake na polisi wake.

Ila watu walikua wakienda na kurudi tu, harusi, mazishi, kuuza kuku. Januari 1995 ndio ikawekwa viza, wao huiita viza ya Balladur kwa jina la waziri mkuu wa Ufaransa wa wakati ule. Toka Nzwani ni kama kilomita 70, sawa na wewe utoke hapo Malindi uipite Kilifi kidogo. Wanapita usiku na vile viboti vya kuvulia, kwasa-kwasa, vya fibre, havina hata kina, vimebeba watu 30 na mama mjamzito anayefuata hospitali. Wewe ni mvuvi sihitaji kukueleza boti kama ile ikijaa hivo na wimbi likija la ubavuni. Waliokufa wanakadiriwa kwa maelfu.

Wanakimbia nini? Hospitali bila dawa, kazi hakuna. Na hapa serikali zote mbili zinanitia hasira. Ufaransa Aprili 2023 ilileta polisi kwa mamia kubomoa vibanda na kurudisha watu, Moroni ikasema hatupokei meli, wiki kadhaa baadae ikapokea. Yaani kwenye hotuba Mayotte ni yetu, lakini mama wa Nzwani akijenga zahanati ya kujifungulia kwa pesa za mwanawe aliye Marseille hakuna afisa anayefika hata kupiga picha.

*Ami ni kweli Komoro waliuza pasipoti? Mimi nataka moja. Msomaji, Matondoni*

Umechelewa yakhe. Sheria ilipita 2008, wakawapa uraia watu wa Kuwait na Imarati wasiokua na nchi, mabiduni, kwa makubaliano ya pesa ambazo zilikua zijenge barabara na bandari. Baadae uchunguzi wa bunge ukasema pesa nyingi hazionekani zilipokwenda. Novemba 2022 mahakama ikamhukumu Sambi, aliyekua rais wakati sheria ile ikipita, kifungo cha maisha kwa uhaini, yeye akisema hakuna haki pale na akakataa kukaa kwenye chumba cha kesi.

Sambi ni yule yule wa Nzwani, aliyepishwa kiti 2006. Mama wa Langoni, ukiongea na Moroni usilianzishe hili, utamaliza bando.