Walionishangilia hawakuwamo kwenye daftari

Juzi msomaji kaniandikia kwamba yeye hapigi kura, kwa sababu kura yake moja haiongezi wala haipunguzi. Nilimjibu kwa upole, ingawa rohoni nilikuwa nafoka.

Mimi niligombea udiwani nikaangushwa kwa kura chache mno. Wenye kura hizo wangeenea kwenye basi moja dogo. Nilipokaa na mawakala wangu kupitia fomu za matokeo, mambo yakaanza kujitokeza. Vijana waliokuwa wakicheza mbele ya gari la matangazo, fulana zangu zimewakaa vizuri kweli, wengi hawakujiandikisha. Mwingine alihama asihamishe taarifa zake, akafika kituoni jina halimo. Yupo aliyelala tu. Huyo tunasalimiana, basi.

Anayedharau kura moja namkumbusha Zanzibar, Januari 1961. Jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa tofauti ya kura moja. Kwa kiti hicho ASP ikapata viti 10, mpinzani wake mkuu ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, na chama kidogo cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Wawili wa ZPPP wakaungana na ZNP, mmoja akaenda ASP, zikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo. Nchi nzima ilirudi vituoni, na chanzo chake ni mtu mmoja kule Pemba ambaye angeweza kusema ana kazi shambani.

Kwa hiyo kagua jina lako mapema, daftari likibandikwa, usingoje siku ya foleni. Ukihama, hama na kura yako. Halafu kagua tena. Na jamani, msimalizie nguvu zote kwa rais. Diwani ndiye anayekaa kwenye kikao cha barabara yenu na taka zenu. Australia imefanya kupiga kura kuwa lazima katika uchaguzi wa kitaifa tangu 1924, na asiyekwenda bila sababu hutozwa faini. Zamani niliona ni ukali. Siku hizi sina uhakika, hasa nikiwasikia waliobaki nyumbani ndio wanaolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kura zilizoniuma zaidi ni zilizoharibika. Mtu kapanga foleni asubuhi nzima, kisha kaweka alama kwa wagombea wawili. Mwingine alinichagua mimi, akatia na sahihi yake chini, ikakataliwa. Ukikosea, usiitumbukize hivyohivyo kwa aibu: mrudishie msimamizi, umwombe karatasi nyingine.