Kushusha giaboksi ya oto ya Hilux dizeli uani: yangu niliishusha mara 2

Mkuu umesema Hilux Vigo yako ya 3.0 D-4D ikishapata moto inachelewa kushika D, na kwenye kilima arpiemu inapanda gari haiendi, fundi kasema giaboksi ifanyiwe ovahoo (ifumuliwe na kujengwa upya), sasa unauliza kama unaweza kuishusha mwenyewe uani umpelekee mkononi. Unaweza kabisa. Mimi yangu, 4x4 ya gia 4, niliishushia nyumbani Njiro, Arusha, nikiwa na chalii mmoja wa gereji za Unga Limited, ila kabla hujashika spana hebu chomoa dipstiki uangalie rangi.

Yangu ilianza kuteleza napandisha Mto wa Mbu kwenda Karatu na mzigo wa saruji nyuma. Nilipochomoa dipstiki oili ilikuwa ya pinki yenye povu, kama yogati, na kwenye mfuniko wa rejeta utando wa mafuta mafuta. Maana yake ni kwamba kula (kipoza) ya oili ya giaboksi, ile inayokaa ndani ya rejeta, ilishatoboka kwahiyo maji na oili vikawa vinatembeleana. Maji yakiingia mle gundi ya zile klachi pleti za ndani ya giaboksi inaachia na zenyewe zinavimba zinabanduka, hapo hakuna cha kubadilisha oili ikapona. Na ukijenga giaboksi halafu ukarudisha rejeta ileile umeunguza hela, ndani ya muda mfupi uko chini tena. Nilinunua rejeta nyingine kabla hata ya kununua kiti (seti ya vipuri) ya klachi.

Haya, kushusha. Toa waya wa negativu wa betri kwanza sababu stata lazima itoke na ule waya wake mnene una umeme muda wote. Mwaga oili ila usidhani yote imetoka, konveta (lile dude la duara kati ya injini na giaboksi) inabaki na lita za kutosha, zitakumwagikia shingoni baadaye, vaa nguo za kutupa. Gari iweke kwenye stendi 4 za chuma, matofali hapana, tofali la saruji linapasuka bila taarifa. Na inyanyue juu kuliko unavyodhani, sisi tulishusha boksi vizuri kabisa likalala kwenye jeki, kulivuta litoke pembeni likagoma kupita chini ya chesisi, ikabidi tuanze upya kunyanyua gari na lile dude liko chini.

Propela shafti zote mbili (ya mbele na ya nyuma) weka alama ya tindo kwenye flenji kabla ya kufungua. Toa paipu ya ekzosi, nati zake zina kutu zipigie dizeli toka jana yake. Paipu za kula, kebo ya gia, soketi za waya, hivyo havina shida, piga picha tu na simu.

Boliti za konveta ziko 6, unazifikia kwa kile kidirisha cha chini moja moja, mwenzio anazungusha injini na spana kwenye boliti ya puli ya krenki kule mbele ya injini. Yangu moja ilikuwa na rangi tofauti na zenzake, hiyo ndo inatangulia kurudi.

Zile boliti za juu za belihauzingi (ganda la mbele la giaboksi linaloshikana na injini) ndo zinawatoa watu roho, na siri yake ni kutoa krosmemba (kile chuma kinachobeba mkia wa giaboksi) halafu ushushe mkia wa giaboksi kidogo, injini inalala nyuma, unapitisha ekstensheni ndefu 2 au 3 zimeunganishwa juu ya giaboksi mpaka unazikuta. Ila weka jeki ya pili yenye ubao chini ya injini na uchungulie feni isije ikagusa ule mfuniko wake. Boliti zina urefu tofauti, mimi nilitoboa boksi la biskuti kwa umbo la belihauzingi kila moja nikaichomeka pake. Giaboksi na transfa (ile boksi ndogo ya 4x4 nyuma yake) na konveta ni kilo 100 na kitu, funga kwenye jeki kwa mkanda wa mzigo, usijifanye una mabega. Likianza kuachana na injini hakikisha konveta inatoka na giaboksi, isibaki kwenye injini, funga kipande cha bapa mbele yake isianguke.

Sasa kwanini mara 2. Siku ya kurudisha konveta ilionekana imeingia. Tukasogeza, ikabaki nafasi kama ya kidole kati ya injini na belihauzingi, chalii akasema "bro zivute na boliti zitakaa", na mimi giza linaingia nikakubali. Tukakaza. Kuzungusha krenki, imekufa kimya. Kufungua tena kesho yake tukakuta shingo ya konveta imekandamiza gia ya pampu ya oili imepasuka, pampu mpya ile! Konveta inatakiwa uizungushe huku unaisukuma mpaka usikie inadondoka klak, tena klak, mpaka imezama kabisa, na ukishakaza belihauzingi kabla hujafunga zile 6 lazima izunguke kwa mkono na uweze kuivuta milimita chache kuja kwenye flekspleti (ile sahani ya chuma nyuma ya injini). Giaboksi ikigoma kukutana na injini kwa mkono vuta nje uangalie, boliti sio winchi.

Paipu za kula zisafishe na petroli upulize na kompresa hata kama rejeta ni mpya. Oili usiende na ile haidroliki ya kupima kwenye ndoo, yangu ya gia 4 inataka oili ya Toyota ya Type T-IV, zile za gia 5 ni aina ya WS. Jaza kidogo kidogo, washa, pitisha gia zote huku umekanyaga breki, pima, ongeza.

We tuwekee picha ya dipstiki na ya mfuniko wa rejeta kwanza ndo tujue unashusha nini.