Maswali ya mafundi: jointi ya faibaglasi haijazwi upepo

Mvua zimekata, mitaro inachimbika, na simu yangu hapa Uyole haipumziki. Wengi mnauliza habari za mabomba ya faibaglasi yanayoungwa kwa gundi. Nimechukua maswali sita, majina nimeyaacha.

Shikamoo mzee. Niko Makambako. Jana jioni tuliunga jointi nane za inchi 6. Asubuhi gundi ni ngumu kabisa ukiigusa. Bosi anataka tujaze presha ya majaribio leo leo. Tujaze?

Marahaba fundi. Msijaze.

Gundi ya epoksi haikauki kama rangi ya ukutani. Inaiva, na kinachoiivisha ni joto. Kwa makadirio ya kifundi, joto likishuka nyuzi 10, uivaji unapungua kasi kwa karibu nusu. Kopo likikwambia saa 24, limepiga hesabu ya chumba cha nyuzi 21 hadi 24 hivi. Usiku wa Julai huko kwenu unaujua kuliko mimi. Gundi iliyolala kwenye baridi ya namna hiyo inaweza kuwa ngumu kwa kidole huku haijafika hata nusu ya nguvu yake. Ugumu na kuiva ni vitu viwili.

Cha kufanya: zungushieni jointi blanketi la umeme la kuivishia, lile linalotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa muda ulioandikwa na mwenye gundi. Msitumie jiko la mkaa wala moto wa gesi. Moto unaunguza resini, ile plastiki inayoshika nyuzi za bomba lenyewe, na kama kuna asetoni karibu mtaunguza na mtaro. Blanketi likitoka, subirini jointi ipoe, kisha pimeni ukingo wa gundi kwa kifaa cha Barcol, kile chenye kisindano kinachobonyeza na kusoma ugumu. Namba mnayoitafuta imo kwenye karatasi ya gundi, si kichwani mwa bosi.

Na kwa jointi zijazo, makopo yalale ndani ya nyumba, si kwenye toroli. Gundi ya baridi inakuwa nzito, haichanganyiki vizuri na hadina (dawa ya kuigandisha), mnaishia na michirizi ya rangi mbili. Changanyeni kopo zima kwa hadina yake yote. Kugawa nusu kwa macho ndiko kunakozaa jointi zisizoiva hata ukizivalisha mablanketi matatu.

Mhandisi, tupo Mufindi, bomba la milimita 200 linapita mgongoni mwa kilima. Maji yako mbali, kompresa tunayo. Kwa nini tusijaribu kwa upepo baa 10 tukamaliza?

Kwa sababu ninataka uandike tena mwaka kesho.

Maji ni magumu kubanwa. Ukiyapandisha hadi baa 10 (za presha, si za Mwanjelwa) yanasinyaa kidogo mno, kwa hiyo jointi ikiachia, maji yanaruka kidogo na presha inakufa papo hapo. Upepo unabanwa kama spring'i. Mita moja ya ujazo ya upepo kwa presha hiyo inabeba nguvu zaidi ya mara elfu ya ile ya maji ya ujazo uleule. Na faibaglasi si chuma: haivimbi kwanza ikakuonya, inapasuka ghafla na kutoa vipande vyenye makali. Niliwahi kuona kizibo cha mwisho wa bomba kikitoka kwa upepo kwenye mradi mmoja. Kilivuka mtaro, kikatoboa toroli ya zege iliyosimama upande wa pili. Mwenye toroli alikuwa ameenda kunywa chai. Tangu siku hiyo sibishani juu ya jambo hili.

Sasa maji. Bomba la milimita 200 kwa ndani linabeba lita 31 na kidogo kwa kila mita. Kata jaribio lako vipande vya mita 300, kila kimoja kitakula lita 9,400 hivi, yaani boza moja la lita 10,000. Ukimaliza kipande cha kwanza, yasukume maji hayohayo kwa pampu hadi cha pili. Boza moja litakupitisha kilima kizima, ukiongezea ya kufidia yanayomwagika.

Mimi ni msimamizi Tukuyu, si fundi wa faibaglasi. Kabla ya presha, nikague nini kwa macho?

Swali hili ndilo lililonifurahisha, maana wengi wanadhani presha ndiyo ukaguzi. Jointi mbovu inaweza kuhimili saa moja ya majaribio halafu ikaachia mwaka wa pili, bomba likiwa limefukiwa na mahindi yamepandwa juu yake.

Anza kabla haijaungwa. Huko kwenu mvua haina adabu, basi simama palepale wanapopiga msasa. Sehemu iliyopigwa msasa iwe imekwaruzika kote, bila doa linalong'aa, kavu, isiguswe kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Iungwe muda mfupi baada ya msasa, isingoje mpaka baada ya chakula. Bomba likiwa na umande, lipigwe msasa upya likishakauka.

Baada ya kuungwa, tafuta alama ya kina ambayo fundi alipaswa kuichora kwenye ncha ya bomba. Ukiiona mbali na soketi, yaani mdomo mpana unaopokea ncha, ncha haikuingia yote. Usipoiona kabisa, uliza ilichorwa lini. Ukingo wa gundi uzunguke bomba lote bila pengo. Penye pengo huenda gundi haikufika. Chungulia na ndani kwa tochi kama mdomo uko wazi: gundi iliyozidi hutengeneza kizingiti kinachobana maji. Tazama pia kama bomba limenyooka. Kuna kosa moja halionekani baadaye, nalo ni kugonga bomba la nne wakati gundi ya la tatu haijashika. Mtetemo unafika nyuma na kuiachanisha. Kwa hilo huna dawa ila kuwepo.

Iringa mjini. Tulipandisha baa 9 saa tisa alasiri. Saa moja jioni geji inasoma baa 8.4. Hakuna tone popote. Bomba limevuja au geji imelewa?

Huenda hakuna kati ya hayo. Jua likizama na ule upepo wenu ukianza, maji ndani ya bomba yanapoa na kusinyaa kuliko bomba lenyewe, presha inashuka. Faibaglasi nayo hutanuka kidogo ikipata presha mara ya kwanza, ndiyo maana tunapandisha, tunaacha itulie, tunaongeza, halafu ndipo tunaanza kuhesabu saa.

Ila mshuku kwanza upepo ulionaswa. Mlipokuwa mnapampu, presha ilipanda upesi au mlipiga mkono hadi bega likauma? Fungua valvu ndogo kidogo: bomba lililojaa maji tupu linashusha presha mara moja kwa maji machache, lenye upepo linaendelea kutema. Likitema, toeni upepo kwenye kila kilele cha laini, jazeni upya polepole kutoka bondeni, na mrudie alfajiri hadi asubuhi, kabla jua halijashika. Wekeni geji mbili. Na msiliache bomba limefungwa na presha likianikwa juani mchana, kwa sababu hapo geji itapanda bila mtu kupampu.

Mbozi. Laini yetu inashuka mita 70 kutoka tangi hadi kijijini. Bomba ni la baa 10. Tumeambiwa jaribio ni mara 1.5 ya hiyo. Pampu na geji viko juu kwenye tangi. Tusome 15?

Hapana! Kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa 1. Ukisoma 15 juu, chini kuna 22. Mara 1.5 inahesabiwa kwenye sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo geji yako ya juu isome 8 tu. Bora zaidi hamisheni pampu na geji kule chini. Halafu angalieni valvu na flanji (viungio vya bolti); kama kuna yoyote isiyoruhusiwa kufika 15, ndiyo inayoamua, si bomba.

Pandisheni kwa hatua, robo kwa robo, mkisimama kila hatua. Jointi ziwe wazi, katikati pafukiwe, na zege za kwenye kona ziwe zimekomaa. Mtu asisimame mkabala na kizibo, wala asikaze bolti presha ikiwa ndani.

Jointi moja inatoa jasho kwenye baa 6. Naweza kuipaka gundi juu?

Usipake. Njia ya maji iko ndani, gundi ya nje inaifunika tu. Shusha presha hadi sifuri, kata jointi, weka kipande kipya chenye jointi mbili, na ungoje ziive kama nilivyomwambia ndugu wa Makambako. Unapokata vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Na unapoyatoa maji, fungua kwanza valvu ya upepo kule juu; bomba lenye ukuta mwembamba likinyonywa bila hewa kuingia, linabonyea.