Programu inakufa baada ya cap_enter(): mpangilio ndio tatizo

Ndugu wa Bukavu, unauliza kwa nini programu yako inayopokea ripoti kutoka Uvira na Kalehe inagoma mara tu baada ya `cap_enter()`, wito unaoifungia programu ndani ya mipaka ya usalama. Mfumo unaoweka mipaka hiyo, Capsicum, ulioingia kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD 9.0 mwaka 2012, hauangalii wewe ni nani, unaangalia umeshika nini mkononi, yaani faili na sokoti (ncha za mawasiliano ya mtandao) ulizokwisha kufungua na haki zake. Ukishavuka, yaani ukishaita `cap_enter()`, `open()` ya kawaida na `connect()` hukataliwa kwa kosa la ECAPMODE, hata ukiwa root, msimamizi mkuu wa mfumo. Na hakuna kurudi nyuma.

Kwa hiyo tanguliza `socket`, `bind` na `listen`, fungua logi na folda ya ripoti, punguza haki kwa `cap_rights_limit()`, ndipo uvuke. Ndani, ripoti mpya inafunguliwa kwa `openat()` kupitia folda ile, uliyoipa CAP_LOOKUP, CAP_CREATE, CAP_WRITE na CAP_SEEK.

Mtego wenyewe, nadhani, uko kwenye sokoti inayosikiliza. Ukiipa CAP_ACCEPT peke yake, mteja anaingia vizuri kabisa, kisha `read()` inarudisha ENOTCAPABLE, kosa la kukosa haki: sokoti mpya hurithi haki za mama yake, hazizidi. Ongeza CAP_READ, CAP_WRITE, na CAP_EVENT kama unatumia `poll()` kusubiri data.

Anwani za majina ya mtandao (DNS) zitafute kabla ya kuvuka, au tumia `cap_dns` ya Casper, huduma inayofanya kazi hiyo kwa niaba ya programu iliyofungiwa. Saa za logi zikirudi nyuma kwa saa mbili, huenda hukuita `tzset()`, inayosoma majira ya saa ya eneo lako, kabla ya kuvuka.

Bado inagoma? Endesha `ktrace -t cp ./programu`, inayorekodi miito ya programu na ile iliyokataliwa, kisha `kdump` kusoma rekodi hiyo: utaona wito gani hasa umekataliwa.