Kabla hujanunua daftari la kuchorea, jua utachorea wapi

Vijana wanaoanza kuchora hapa Kigoma huniuliza penseli gani ni nzuri. Penseli si tatizo. HB moja, ile ya kawaida ya shule, na 4B moja, iliyo laini na nyeusi zaidi, zinatosha kwa muda mrefu, na ukikosa 4B, HB peke yake itakuvusha. Kinachowakwamisha wengi ni daftari. Mtu anaagiza Dar daftari la bei, lenye jalada gumu na utepe wa kuwekea alama, likifika linaingia kabatini na nailoni yake. Miezi inapita, kurasa bado nyeupe. Ukimuuliza anasema anasubiri wazo linalolifaa.

Mimi nachagua daftari kwa kuangalia nitachorea wapi na nitachorea nini. Uzuri wa karatasi unakuja baadaye kabisa. Na kwa kuwa siku moja ya mtu wa hapa inaweza kuanzia ufukweni Kibirizi, ikapitia mtaa wa Mwanga na kuishia nyumbani kwenye mwanga wa taa, situmii daftari moja. Ninayo matatu yanayokwenda kwa pamoja, na hayafanani hata kidogo.

La mfukoni ndilo linalofanya kazi kuliko mengine, kwa hiyo nitalisemea zaidi. Asubuhi Kibirizi mitumbwi ikiwa imerudi na dagaa, hakuna pa kukaa. Umesimama mchangani, mbeba karai anakuambia pisha, upepo wa ziwa unapekua kurasa zako, na mama uliyekuwa unamchora ameshahamia upande wa pili kugeuza dagaa wake. Hapo daftari la A4 ni mzigo. Tafuta la A6, yaani robo ya karatasi ya A4 ya kawaida, lenye jalada gumu ili ukilishika kiganjani liwe na meza yake lenyewe. Liwekee mipira miwili ya kufungia hela, mmoja kila upande, kurasa zitulie.

Humo chorea peni ya kawaida ya kuandikia. Wino wake una mafuta, hivyo haupenyi kwa urahisi kwenda upande wa pili hata karatasi ikiwa nyembamba, na tone la maji likiurukia hausambai. Peni nyingi za jeli zina wino wa maji, na mkono wenye jasho ukizigusa, picha imekwisha. Faida nyingine ya peni ni kwamba haifutiki. Mstari ukienda kombo unachora mwingine pembeni yake na kuendelea. Raba mfukoni ni adui wa mtu anayechora amesimama, maana atafuta mpaka anayechorwa aondoke.

Wengi wananiambia watu hawatulii. Ni kweli, lakini kazi za mikono hujirudia. Mtazame mama anayeanika dagaa: anainama kuanzia kiunoni, magoti hayajapinda sana, mkono mmoja ameutuliza pajani, mwingine unafagia dagaa kwa mapana na kuwatandaza. Kisha anasimama wima, anashika kiuno, anaangalia ziwani. Halafu anainama tena vilevile. Kwa hiyo usimfukuze kwa mchoro mmoja. Anza michoro mitatu au minne kwenye ukurasa uleule: mmoja wa kuinama, mmoja wa kufagia, mmoja wa kusimama. Akirudi kwenye mkao wa kwanza, nawe unarudi kwenye mchoro wa kwanza na kuongeza kipande. Baada ya muda usio mrefu unazo picha zote, na yeye hajasimamisha kazi yake.

Rangi usizipake pale. Ziandike. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix, aliposafiri Moroko mwaka 1832, alijaza madaftari madogo kwa michoro ya haraka na maelezo ya rangi alizoziona, na akaendelea kuyatumia miaka mingi baadaye akiwa Ufaransa. Nami naandika kando ya mchoro: "kitenge njano ya bizari, ua la bluu, kivuli kwenye mchanga zambarau." Kumbukumbu ya rangi hupotea haraka kuliko ya umbo, na kitenge cha Kigoma kina rangi nyingi mno kuachiwa kichwa peke yake.

Kuhusu adabu: salimia kwanza. "Shikamoo mama, naomba nikuchore ukiendelea na kazi yako." Wengi watakuitikia marahaba mwanangu, kisha watauliza kama utawalipa, kisha watataka kuona. Jiandae pia kukosolewa. Mmoja aliniuliza, "Mbona mgongo umeupinda hivyo?" Nikamwambia, "Ndivyo unavyoinama, mama." Wenzake walicheka zaidi yake, na kila mmoja akataka achorwe yeye, tena akiwa amesimama. Bandarini, stesheni na kwenye ofisi yoyote yenye mlinzi, omba ruhusa hata kama daftari lako ni dogo. Matao ya stesheni yetu, ambayo Wajerumani waliijenga walipofikisha reli hapa mwaka 1914, yanachorwa vizuri tu kutokea barabarani. Huna haja ya kubishana na mtu getini.

Daftari la pili halitoki nyumbani, nalo ni kaunta buku. Ndiyo, ile ya mistari, ya dukani, ambayo wenye maduka wanaandikia madeni. Unene wake huhesabiwa kwa kwaya: ya kwaya mbili ina kurasa 192, ya kwaya nne ina 384. Watu wanaichukia kwa sababu ya mistari, mimi naipendea hiyo mistari. Hakuna atakayeitazama akadhani ni kazi ya kutundika ukutani, nami ninayeichora najua hivyo, kwa hiyo mkono unalegea. Humo nachora sufuria, kandambili, mkono wangu wa kushoto, mtoto aliyelala, jiko la mkaa kabla halijawashwa na baada ya kuwashwa. Mistari nayo inasaidia: inakuonyesha kama mdomo wa sufuria umelala sawa au umeinama upande.

Sheria ya kaunta buku ni moja tu, ukurasa hauchanwi. Ukichana mmoja kwa sababu ni mbaya, kesho utachana wa pili, na kwa kuwa kurasa zimeshonwa pamoja, karatasi ya upande wa pili nayo italegea na kutoka. Penseli upande mmoja wa ukurasa, tafadhali. Kurasa mbili za penseli zinazotazamana husuguana kila daftari linapofungwa, na baada ya mwezi zote mbili zimekuwa kijivu.

Asiyeitaka mistari kabisa anunue rimu. Hapo nikupe hesabu inayonisaidia dukani. Karatasi za A4 kumi na sita zikipangwa pamoja zinafanya mita moja ya mraba. Uzito unaoandikwa kwenye rimu, gramu 70 au 80, ni uzito wa mita hiyo. Maana yake karatasi moja ya gramu 80 ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Ya gramu 70 itakuja kama kilo mbili na gramu mia mbili hivi. Ukiona rimu imeandikwa 80 na unaitilia shaka, muuza sukari wa duka la jirani ana mzani. Kwa penseli ya HB tofauti ni ndogo, lakini ukipenda kukandamiza 4B, au kuchora pande zote kwa peni, ya 80 inavumilia zaidi.

Steshenari watakufungia karatasi hizo kwa spairo ukitaka, na daftari la spairo linafunguka lote na kulala vizuri mezani. Mimi nashona. Chukua karatasi tano za A4, zikunje pamoja katikati, umepata kurasa 20 za A5. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu na chini. Sindano iingie tundu la katikati kutokea ndani kwenda nje, uzi uachie mkia. Rudi ndani kwa tundu la juu, pita katikati bila kuingia, toka nje kwa tundu la chini, kisha rudi ndani kwa lile la katikati. Sasa una ncha mbili na uzi mrefu uliolala kwenye mkunjo. Ncha moja iwe kushoto kwake, nyingine kulia, funga fundo juu yake. Uzi mwembamba wa kushonea nyavu unafaa sana, na kwa mji wetu huo hauwezi kukosekana. Uchague mwembamba kweli, maana ule mnene unakata karatasi. Na kwa kuwa ni nailoni na fundo lake huteleza, upitishe kwanza kwenye mshumaa.

Jalada ni boksi la katoni, juu yake kipande cha kitenge ambacho fundi cherehani angekitupa. Gundi pika mwenyewe: wanga wa muhogo na maji, koroga motoni mpaka uwe mzito na uanze kung'aa, uache upoe. Paka nyembamba, kisha weka daftari chini ya kitu kizito usiku kucha, la sivyo jalada litapinda.

La tatu ni la rangi za maji, na hapa ndipo pekee ninaposema toa hela. Karatasi ya gramu 80 ikilowa hufura na kujikunja, rangi zinakimbilia mabondeni, na hakuna ufundi wa brashi utakaoziokoa. Karatasi ya manila inavumilia maji kidogo, ila ni laini mno, rangi inaelea juu na kukauka na mabaka. Kwa kujifunzia inafaa. Rangi ikipakwa tabaka juu ya tabaka unahitaji karatasi ya rangi za maji yenyewe, ya gramu 300. Usinunue daftari lake, agiza karatasi kubwa moja. Ile ya sentimita 56 kwa 76 ukiigawa mara nne kila upande unapata vipande 16 vya sentimita 14 kwa 19, vinavyoingia kwenye bahasha na vinavyobanwa na vibanio vya nguo juu ya kipande cha ubao. Daftari lenyewe ndilo hilo.

Hilo la rangi nalipeleka Ujiji chini ya miembe, au ufukweni jioni jua likizamia upande wa Kongo. Kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, vumbi na moshi huificha milima ya ng'ambo, unachora ziwa linaloyeyukia angani bila mpaka, na maji yanakauka kwenye karatasi kabla hujasuuza brashi. Hapo lowesha karatasi kwanza. Masika ni kinyume. Mvua ikikatika milima ya Kongo inatokea karibu kana kwamba utaifikia kwa kasia, lakini hewa ina unyevu, na tabaka la kwanza linabaki bichi muda mrefu. Ukiwa na haraka utapaka tope. Siku hizo napaka vipande viwili kwa zamu, kimoja kikikauka nafanyia kazi kingine. Na kwa kuwa wino wa peni ya kawaida hauyeyuki kwenye maji, nachora mistari kwa peni ileile ya Kibirizi kisha rangi inapita juu yake.

Wapo watakaosema haya yote ni ya watu walio karibu na maduka makubwa ya vifaa. Mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwenye vibao kwa rangi za baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwepo mkononi, na leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake.

Siri ya madaftari matatu ni jinsi yanavyopokezana. Mama wa Kibirizi anaanzia mfukoni, mchoro mdogo wenye maneno ya rangi pembeni. Usiku namhamishia kwenye kaunta buku, mkubwa zaidi, na hapo ndipo ninapogundua nisichokiona: sikuchora vidole, sijui ule mkono wa pajani ulishika nini. Kesho nikirudi ufukweni nina kitu mahususi cha kutazama. Ni michoro michache sana inayofika kwenye karatasi ya gramu 300, na haipaswi kuwa mingi. Anayenunua karatasi nzuri kwanza anaruka hatua mbili, kisha anashangaa kwa nini mkono unatetemeka.

Utunzaji, kwa kifupi. Gundi ya muhogo mende wanaipenda kama sisi tunavyopenda ugali wake, kwa hiyo madaftari yaliyojaa yasikae jikoni wala chini ya kitanda. Yasigusane na sakafu ya sementi. Unyevu wa masika hupanda humo na kuleta ukungu. Weka kwenye rafu ya mbao, yasimame, yasibanane. Mfuko wa nailoni ni wa safarini tu, ukifika nyumbani yatoe. Mwezi wa sita mvua zikishaisha, yafungue na uyaanike kivulini siku nzima, maana jua kali hufifisha rangi na kuifanya karatasi ya bei nafuu iwe njano haraka. Andika tarehe na mahali nyuma ya jalada kwa penseli, kwa sababu wino wa peni nyingi hufifia ukikaa juani, penseli haififii.